Jedwali la Elementi na Suala la Illa: Kutoka Uzito Hadi Namba

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wanafunzi wetu wawili wa darsa ya Usuulul-Fiqhi walituletea karatasi iliyogawiwa msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Karatasi ile ilisema kuwa wanasayansi wamekipa chuma namba 57, na kwa kuwa Suratul-Hadid ni sura ya 57 katika Msahafu, basi huo ni muujiza usiopingika. Mmoja wa wanafunzi hao anasoma pia sekondari. Akatuambia kwa adabu: "Sheikh, kitabu chetu cha kemia kinasema namba ya chuma ni 26. Nikiisoma karatasi hii mbele ya wenzangu, mwalimu akinisahihisha, nitasema nini?"

Hatukumjibu siku ile. Mtu akiulizwa asilolijua ni wajibu wake kunyamaza hadi alitafute. Tulitafuta vitabu, tukawauliza walimu wa fani hiyo, na tukaona kuwa jibu limo ndani ya historia ya jedwali lenyewe: limepangwa kwa kitu gani, na waliolipanga walijuaje. Tukaona pia kuwa katikati ya historia hiyo kuna suala ambalo mwanafunzi wa Usuul analifahamu vyema, nalo ni tofauti baina ya illa na sifa inayoandamana na illa.

SUALA LA VITU SITA

Tuanze na tunachokijua. Katika mlango wa riba, hadithi mashuhuri ya Ubada bin Samit (R.A.) imetaja vitu sita: dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi. Wanavyuoni wakauliza: ni sifa gani ndani ya dhahabu na fedha iliyofungamana na hukumu? Mahanafi wakasema ni kupimwa kwa mizani pamoja na kuwa jinsi moja. Mashafii wakasema ni kuwa kwake thamani ambayo vitu vingine hununuliwa kwayo.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Mwenye kushika mizani huiingiza shaba na chuma katika hukumu, kwa sababu navyo hupimwa. Mwenye kushika thamani haangalii mizani. Na ni kwa kuitazama sifa ya thamani ndipo Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, ilipozipa noti za karatasi hukumu za dhahabu na fedha, ingawa hakuna anayepima noti kwa ratili. Sifa mbili zilikuwa pamoja ndani ya kitu kimoja, na tofauti yake ikadhihiri kilipokuja kitu chenye moja bila ya nyingine.

Jambo la namna hiyo hiyo liliwafika wanakemia. Nao walishika uzito, na uzito ukawafikisha mbali sana, mpaka ulipowakwamisha.

KUAINISHA KABLA YA KUPIMA

Wa kwanza kuvipanga vitu vya maabara kwa utaratibu unaofundishika walikuwemo wanavyuoni wa dola ya Kiislamu. Abu Bakr Muhammad bin Zakariya ar-Razi, tabibu wa mji wa Rayy aliyefariki mwaka 313 Hijria (925 Miladia), katika kitabu chake cha Al-Asrar aligawa vitu vitokavyo ardhini mafungu sita: "roho", yaani vitu vinavyoruka vikipata moto kama zebaki na salfa; "miili", yaani madini kama dhahabu, fedha, shaba, chuma, risasi na bati; kisha mawe, zaji, boraksi na chumvi. Mgawanyo huo ulitegemea namna kitu kinavyotenda mbele ya moto na maji, wala haukutegemea rangi au hadithi za kale. Katika karne ya 5 Hijria, al-Biruni alipima uzito mahususi wa madini na vito kwa uangalifu mkubwa, na Ibn Sina akakanusha kuwa wanaalkemia wanaweza kuigeuza risasi ikawa dhahabu ya kweli.

Hata hivyo, insafu inatutaka tuseme: mafungu ya ar-Razi siyo jedwali la elementi. Wapo wenzetu wanaosema mimbarini kuwa jedwali hili lilitolewa vitabuni mwa Jabir bin Hayyan likabadilishwa jina. Hilo halina ushahidi. Jabir na wafuasi wake waliamini kuwa madini yote yametokana na salfa na zebaki, na kwa rai hiyo dhahabu na shaba zisingekuwa elementi kabisa. Heshima ya wazee wetu inatosha kwa waliyoyafanya kweli. Haihitaji kuongezewa wasiyoyafanya.

Elementi ni kitu kisichoweza kugawanywa tena kwa njia za kemia kikawa vitu viwili. Ufafanuzi huo aliuweka wazi Mfaransa Antoine Lavoisier mwaka 1789, akaandika orodha ya vitu 33. Humo alitia pia mwanga na joto, ambavyo leo tunajua kuwa si elementi. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Mwaka 1808 Mwingereza John Dalton alichapisha rai yake kwamba kila elementi ina atomu zake, na atomu hizo zina uzito wake maalumu. Aliifanya hidrojeni, iliyo nyepesi kuliko zote, kuwa 1, na nyingine akazilinganisha nayo. Uzito ukawa ndio kipimo.

UZITO UNAANZA KUSEMA

Mwaka 1829 Mjerumani Johann Döbereiner aliona jambo la ajabu. Lithiamu, sodiamu na potasiamu ni metali tatu zinazofanana sana: ni laini, hukatika kwa kisu, na hupambana na maji. Uzito wa atomu ya lithiamu ni 7, wa potasiamu ni 39. Jumlisha, ugawe kwa 2, utapata 23, na 23 ndio uzito wa sodiamu. Aliona mfano wa hayo pia katika klorini, bromini na ayodini.

Lakini wanakemia wa zama zile hawakukubaliana juu ya namna ya kupata uzito wenyewe. Elementi moja ilikuwa na uzito huu kwa mwalimu huyu na uzito mwingine kwa mwalimu yule. Mwaka 1860 walikutana Karlsruhe, Ujerumani, na huko Mtaliano Stanislao Cannizzaro akabainisha njia iliyo sawa. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwemo kijana wa Kirusi mwenye umri wa miaka 26, Dmitri Mendeleev.

Baada ya hapo wengi waliona kuwa elementi zikipangwa kwa uzito, tabia hujirudia. Ndiyo maana jedwali huitwa radidia, yaani lenye kujirudia. Mfano wake ni siku za wiki: ukihesabu siku saba kutoka Ijumaa, unarudi Ijumaa. Mwingereza John Newlands alisema katika miaka ya 1864 na 1865 kuwa kila elementi ya nane inafanana na ya kwanza. Alipoyasoma hayo mbele ya Jumuiya ya Wanakemia mjini London mwaka 1866, mmoja wa waliohudhuria alimuuliza kwa kejeli iwapo amejaribu kuzipanga kwa alfabeti. Kosa lake halikuwa katika kuona marudio. Kosa lake lilikuwa kudhani kuwa marudio yote yana urefu mmoja, na kuzibana elementi zote alizozijua bila ya kuacha pengo kwa zile ambazo hazijagunduliwa.

MENDELEEV NA NAFASI TUPU

Mendeleev alizaliwa Tobolsk, Siberia, mwaka 1834. Baba yake, mkuu wa shule, alipofuka macho, na mama yake Maria akailea familia kwa kusimamia kiwanda cha vioo. Kiwanda kiliungua, naye akamchukua mwanawe safari ndefu hadi Moscow, kisha St Petersburg, kumtafutia chuo, akafariki mwaka 1850 baada ya mtoto kupata nafasi.

Mwaka 1869 Mendeleev alikuwa profesa St Petersburg, akiandika kitabu cha kufundishia. Elementi zilizojulikana zilikuwa 63, naye alihitaji utaratibu wa kuzifundisha. Alizipanga kwa uzito, akaziweka zinazofanana katika safu moja, na akafanya mambo matatu ambayo wengine hawakuthubutu kuyafanya kwa ukamilifu ule.

La kwanza, aliacha nafasi tupu. Ilipokuwa elementi inayofuata kwa uzito haifanani na safu inayoifikia, hakuilazimisha kukaa pale. Aliiruka nafasi, akasema mwenyewe hajapatikana. Mwaka 1871 alieleza sifa za watatu kati ya waliokosekana: uzito wao, na jinsi watakavyoungana na oksijeni. Mwaka 1875 galiamu ikagunduliwa Ufaransa na Lecoq de Boisbaudran. Huyu alipima uzito mahususi wake akapata 4.7. Mendeleev, ambaye hajawahi kuiona, aliandika kuwa lazima iwe karibu na 5.9. Mfaransa akaisafisha upya, akapima tena, ikawa 5.9. Mwaka 1879 ikaja skandiamu, na mwaka 1886 jerumaniamu. Ile ya mwisho Mendeleev alikuwa ameitabiria uzito wa atomu 72 na uzito mahususi 5.5, ilipopatikana ilikuwa karibu na 72.6 na 5.3.

La pili, aliporiwaya za uzito zilipopingana na tabia ya elementi, alizirudia kuzihakiki. Urani ilikuwa ikiandikwa 120. Yeye akasema ni mara mbili yake, 240, na vipimo vya baadaye vikamuunga mkono kwa karibu sana, maana leo ni 238.

La tatu, na hapa ndipo penye mafunzo yetu, kuna pahali alipouacha uzito kabisa. Ayodini ni ndugu wa klorini na bromini bila ya shaka yoyote. Lakini kwa uzito, ayodini (karibu 127) hutangulia teluriamu (karibu 128), na ingelazimika kukaa katika safu isiyokuwa yake. Mendeleev aliweka teluriamu mbele, ayodini nyuma, akasema waliopima teluriamu wamekosea.

KANUNI YAPATA NAQDH

Hawakukosea. Teluriamu ilipimwa tena na tena, na leo tunajua ni 127.6, na ayodini ni 126.9. Mendeleev alipatia katika kupanga, akakosea katika kueleza sababu.

Kisha likaja lingine. Mwaka 1894 Rayleigh na Ramsay waligundua agoni, gesi iliyomo hewani isiyoungana na kitu, na katika miaka minne iliyofuata zikapatikana heli, neoni, kriptoni na zenoni. Mendeleev mwanzoni aliitilia shaka agoni. Baadaye gesi hizi zilipewa safu yake, na jedwali halikuvunjika bali lilitimia zaidi. Lakini agoni ina uzito 39.9, nayo potasiamu 39.1. Ukifuata uzito, gesi tulivu itakaa pamoja na sodiamu inayowaka, na potasiamu itakaa pamoja na gesi. Kobalti na nikeli nazo zilikuwa hivyo hivyo.

Mwanafunzi wa Usuul atalitambua jambo hili mara moja. Inapodaiwa kuwa sifa fulani ndiyo illa, kisha sifa ikapatikana bila ya hukumu, huitwa naqdh, na ni miongoni mwa mapingamizi makubwa juu ya illa. Wanakemia walikuwa na jedwali lililo sahihi, lenye faida, lililotabiri yasiyoonekana. Lakini sifa waliyodhani kuwa ndiyo msingi wake ilikuwa imepatwa na naqdh pahali patatu. Hakuna kati yao aliyejua kwa nini. Mendeleev alifariki mwaka 1907 bila ya kujua.

MOSELEY AIONA ILLA

Mwaka 1911 Ernest Rutherford, huko Manchester, alibainisha kuwa atomu ina kiini kidogo mno chenye chaji chanya. Mwaka huo huo Mholanzi Antonius van den Broek alianza kuhusisha chaji ya kiini na nafasi ya elementi katika jedwali, na mwaka 1913 akalisema wazi zaidi. Ilikuwa rai tu, inahitaji dalili.

Dalili aliileta kijana aliyefanya kazi na Rutherford, Henry Moseley. Katika miaka ya 1913 na 1914 alirusha elektroni juu ya elementi moja baada ya nyingine, na kila moja ikatoa eksirei zenye marudio yake maalumu. Alipochukua kipeuo cha pili cha marudio hayo, aliona kinapanda kwa hatua zilizo sawa kila unapohama nafasi moja kwenda nyingine. Hatua hizo hazikuufuata uzito. Zilifuata namba ya nafasi. Kobalti ikaja 27 na nikeli 28, ingawa kobalti ni nzito zaidi. Namba hiyo ndiyo chaji ya kiini, yaani idadi ya protoni, na ndiyo tunayoiita namba atomia. Moseley akaonyesha pia kuwa nafasi za 43, 61 na 75 hazina wenyewe. Ya 75 ilipatikana mwaka 1925, ya 43 mwaka 1937, na ya 61 mwaka 1945.

Yeye mwenyewe hakuyaona hayo. Vita Kuu vilipoanza alijiunga na jeshi la Uingereza, akauawa Gallipoli tarehe 10 Agosti 1915 katika mapigano na jeshi la Dola ya Uthmani, akiwa na miaka 27.

Na uzito ulikosea wapi? Jibu lilitoka kwa Frederick Soddy mwaka 1913, likakamilika mwaka 1932 ilipogunduliwa neutroni. Atomu za elementi moja zote zina protoni sawa, lakini zaweza kutofautiana katika neutroni, na hizo huitwa isotopu. Agoni ina protoni 18, na nyingi ya atomu zake zina neutroni 22, jumla 40. Potasiamu ina protoni 19, na nyingi ya atomu zake zina neutroni 20, jumla 39. Neutroni huongeza uzito, lakini hazibadilishi elementi. Protoni zikiongezeka, kwa kawaida na uzito huongezeka, ndiyo maana uzito uliwaongoza watu vizuri kwa muda mrefu. Ulikuwa sifa inayoandamana na illa, wala haukuwa illa yenyewe.

JEDWALI LILIVYO LEO

Leo jedwali lina elementi 118, na nne za mwisho zilipewa majina mwaka 2016, mstari wa saba ukajaa. Limepangwa kwa namba atomia, kutoka kushoto kwenda kulia, katika mistari saba ya mlalo na safu 18 za wima. Protoni zinapoongezeka, elektroni zinazozunguka kiini nazo huongezeka kwa idadi ile ile, na hukaa kwa matabaka. Elektroni za tabaka la nje ndizo zinazoamua elementi itaungana na nini. Zinapojirudia kwa mpango ule ule, tabia nayo hujirudia, na ndiyo maana wa safu moja hufanana. Safu ya 17 ni ya wanaotengeneza chumvi wakiungana na metali. Safu ya 18 ni ya gesi tulivu. Na katika safu ya 11 utazikuta shaba, fedha na dhahabu zikifuatana, metali tatu ambazo watu walipigia fulusi, dirhamu na dinari.

Urefu wa mistari ni 2, 8, 8, 18, 18, 32 na 32. Jumlisha, utapata 118. Hizi ndizo "wiki" ambazo Newlands alidhani ni sawa. Sehemu mbili za mistari mirefu zimewekwa chini ya jedwali ili karatasi isiwe pana mno, na mahali pa ile inayoanzia na aktini palisahihishwa na Mmarekani Glenn Seaborg katika miaka ya 1940. Bado ipo khilafu: hidrojeni huwekwa juu ya lithiamu ilhali ni gesi, na wapo wasioridhika na mahali hapo.

JIBU LA KARATASI

Sasa tumrudie mwanafunzi wetu. Namba ya chuma, ile inayokifanya kiwe chuma, ni 26. Hakuna chuma chenye protoni 25 wala 27. Hiyo 57 imetoka wapi? Ni jumla ya protoni na neutroni katika isotopu moja ya chuma. Na isotopu hiyo ni kama 2 tu katika kila atomu 100 za chuma; kama 92 katika hizo 100 ni 56. Kwa hiyo mwandishi wa karatasi aliacha illa, akaenda kwenye sifa inayoandamana. Na ndani ya sifa hiyo akaacha iliyo nyingi, akachagua iliyo chache, kwa sababu ndiyo iliyoafikiana na alichokitaka. Huku ni kutafuta dalili baada ya hukumu kwisha kutolewa, na wanavyuoni wetu hawakuikubali njia hiyo katika masuala ya tohara, sembuse katika kukisemea Kitabu cha Mwenyezi Mungu.

Madhara yake si madogo. Kijana akifundishwa kuwa ukweli wa Qur'ani unasimama juu ya namba 57, siku atakapofunguliwa kitabu cha kemia akaona 26, atadhani ni Qur'ani iliyokosea, kumbe ni karatasi. Aya ya 25 ya Suratul-Hadid imetaja chuma, nguvu zake na manufaa yake kwa watu, na maana hiyo inaeleweka kwa mhunzi na kwa profesa. Haijamhitaji yeyote ahesabu neutroni.

Tulimwambia mwanafunzi wetu asiisome karatasi ile shuleni, na Ijumaa iliyofuata tulilieleza jambo hili msikitini kwa upole, bila ya kumtaja aliyeigawa, kwani nia yake ilikuwa njema. Mendeleev aliacha nafasi tupu pale asipojua, na nafasi hizo zikawa hoja yake yenye nguvu kuliko zote. Nasi tunaopanda mimbari tuna haki zaidi ya kuacha tupu tusiyoyajua, hadi ije dalili.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.